Niliogopa kwenda Mererani, sasa nina miaka 58: je, niliishi vibaya?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nina miaka 58, nimebakiza miwili nistaafu. Mwaka 1991 rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu aliacha kazi akaenda Mererani kuchimba tanzanite, akanisihi sana twende wote. Niliogopa. Leo ana nyumba za kupangisha Arusha na malori matatu. Mimi nina nyumba moja na mkopo wa benki ninaoumaliza mwakani. Maisha yangu yote yamekwenda hivyo hivyo. Nafasi ya kusoma chuo kikuu niliiacha, biashara sikuthubutu, hata uhamisho wa kwenda Mwanza niliukataa. Siku hizi naamka saa nane usiku, nahesabu nilivyovikosa mpaka kunakucha. Sasa rafiki yangu amenishauri nikipata mafao nitie sehemu kwenye shimo jipya analochimba, na mke wangu hataki kusikia habari hizo. Je, niliishi vibaya? Na je, nijaribu bahati yangu sasa, kabla sijachelewa kabisa?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko kipande hiki nilichokichapisha, na nitayagusa mengine uliyoyaandika humo bila kukutambulisha. Nianze na swali lako la pili kwa kuwa lina pesa ndani yake: usitie mafao yako shimoni. Sababu nitazieleza huko mbele, ila nimetaka jibu ulipate kwanza.

Swali la kwanza ndilo ninalokutana nalo zaidi katika kazi yangu ya ushauri nasaha kwa wanaokaribia kustaafu na waliokwisha kustaafu. Linakuja kwa sura nyingi. Mmoja anakumbuka kiwanja alichouziwa kwa bei ya kutupa akakataa, leo pana ghorofa. Mwingine ni uchumba aliouvunja kwa kuogopa maneno ya ukoo. Mwingine ni tiketi ya kwenda Muscat aliyoirudisha. Jambo la kwanza ningependa ujue ni kwamba kupitia upya maisha yako katika umri huu si ugonjwa. Zamani hata madaktari walimwona mzee anayerudia rudia ya nyuma kuwa ni mtu ambaye akili imeanza kumtoka. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba wamekosea: kurudi nyuma na kuyapanga upya maisha ni kazi ambayo umri wenyewe unaidai, na mtu akiifanya vizuri anapata utulivu, akiifanya vibaya anaingia kwenye majuto yasiyo na mwisho. Nawe umeianza. Tatizo langu ni kwamba unaifanya saa nane usiku, peke yako, ukiwa na shahidi mmoja tu, naye ana malori matatu.

Basi twende Mererani, maana ndiko mawazo yako yanakokimbilia. Rafiki yako kweli alitoboa, na ni haki yake, kwa sababu alijitoa. Lakini wewe umekaa si mbali na huko, unajua ilivyokuwa. Mchimbaji hakuwa na mshahara. Alipewa chakula na mwenye shimo au mfadhili wake, akashuka kwa kamba na ngazi hadi chini kabisa, na mgao wake ulikuja siku mawe yalipoonekana, kama yalionekana. Wako waliokaa miaka wakila ugali wa mfadhili bila kushika jiwe hata moja la maana. Mwaka 1998, mvua za El Nino zilijaza maji mashimoni, wanaapolo, yaani wachimbaji wa huko, wengi wakafia chini, wengine miili yao haikupatikana. Mwaka 2002 wengine walikosa hewa huko huko chini. Machi 2008 mafuriko yaliingia tena na kuua makumi. Wengi wao wangekuwa leo na umri wako au wadogo kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao anayepita kwako Jumapili kukusalimu.

Mchimbaji Saniniu Laizer alipotoa mawe mawili makubwa ya tanzanite mwezi Juni 2020 na Serikali ikamlipa zaidi ya shilingi bilioni 7, picha yake ilifika kwenye kila simu nchini. Mchimbaji aliyerudi kwao Kondoa na kifua kilichojaa vumbi hapigwi picha. Ndiyo maana macho yako yanaona upande mmoja tu wa ujasiri, ule uliofanikiwa. Siku rafiki yako akija, mwombe akutajie majina ya watu waliolala kambi moja naye mwaka 1991, mmoja mmoja, na kila mmoja aliishia wapi. Nina hakika atakutajia, maana watu wa machimbo hawasahau wenzao. Ukishaisikia orodha ile ndipo utajua ulikataa nini hasa. Hukukataa malori matatu. Ulikataa kuwa mmoja wa watu wale, bila kujua ungekuwa yupi.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ningeweza kukuachia methali hiyo ukaenda kulala, lakini nisingekutendea haki, kwa sababu yako mambo ya upande wa pili ambayo yamechunguzwa sana na hayaikubali methali moja kwa moja.

Thomas Gilovich na Victoria Medvec wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha mwaka 1994 utafiti kuhusu majuto ambao watu wa fani yangu tunaurudia hadi leo. Waligundua kwamba kwa muda mfupi mtu huumizwa zaidi na alichokifanya kikaharibika: alinunua gari bovu, aligombana na bosi. Lakini ukimwuliza ayatazame maisha yake yote, yanayomkaa moyoni ni yale ambayo hakuyafanya. Baadaye Gilovich na wenzake wengine walipima jambo hilo hilo kwa watu wa China, Japani na Urusi, maana wengi walisema labda ni tabia ya Wamarekani tu, na wakaikuta hali ile ile. Kwa hiyo usijione mtu wa ajabu. Unachokipitia ndicho wanachokipitia watu wengi wanapofika ulipofika.

Kuna kundi moja la watu ambalo mimi hulifikiria sana ninaposoma barua kama yako. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 wa California waliokuwa na akili nyingi darasani, na wenzake wakaendelea kuwafuatilia hata baada ya yeye kufa, mpaka wale watoto wakawa vikongwe. Mwaka 1993 Howard Friedman na wenzake walitoa matokeo kwamba waliokuwa waangalifu tangu utotoni, wenye kufikiri kabla ya kutenda na kutimiza wajibu, waliishi miaka mingi zaidi kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye, Gilovich, Medvec na mwenzao wakayachambua majibu ambayo watu wa kundi hilo hilo waliyatoa wakiwa na umri wa miaka ya sabini, walipoulizwa wangebadilisha nini kama wangeishi tena. Waliotaja mambo ambayo hawakuyafanya walikuwa wengi sana kuliko waliotaja mambo waliyoyafanya. Wangesoma zaidi. Wangethubutu zaidi.

Nayaweka matokeo hayo mawili pamoja makusudi. Tahadhari ilikuwa na faida katika kundi lile, na faida yenyewe ni uhai. Wakati huo huo wazee wa kundi hilo walibaki na hamu ya mambo waliyoyapisha. Mtu anayekwambia kwamba uangalifu ni ujinga, au kwamba ujasiri ni ujinga, ameshika nusu ya maneno.

Sasa kwa nini tusichokifanya kinakua kadiri miaka inavyopita? Sababu ni kadhaa, lakini mbili zinakuhusu. Ya kwanza: ulichokifanya kina mwisho unaojulikana. Ulinunua ng'ombe wa maziwa, akafa, ukapata hasara ya kiasi fulani, basi. Usichokifanya hakina mwisho. Kila usiku Mererani yako inaweza kuongezewa lori la nne. Ya pili ni kwamba woga una tabia ya kufutika na kutuacha na swali tusiloweza kulijibu. Watafiti wale wa Cornell waliwauliza wanafunzi waliokuwa chuoni kama kuongezewa somo moja gumu kwa muhula kungewaathiri vipi. Wakasema kungewaharibia alama, usingizi, kila kitu. Walipowauliza waliokwisha kuhitimu miaka mingi nyuma, wakasema, aah, tungelimudu tu. Mzigo ni ule ule, ila hawa hawaubebi tena. Wewe wa leo, mwenye nyumba, mwenye watoto waliokwisha kujitegemea, unamhukumu kijana wa mwaka 1991 kwa kuogopa kitu ambacho wewe hukiogopi tena.

Na kijana yule alikuwa katika hali gani? Umeniandikia mwenyewe, kwa sentensi moja tu iliyopita haraka, kwamba baba yenu alifariki mwaka huo huo na wewe ni mzaliwa wa kwanza kati ya sita. Ukaendelea na habari za malori. Mimi nilisimama hapo. Mshahara wa mwalimu wa wakati ule ulikuwa mdogo na mara nyingine ulichelewa, lakini ulikuja, na kwa mshahara huo ulilipa ada, sare na nauli za wadogo zako mpaka wa mwisho akamaliza kidato cha sita mwaka 2003. Mmoja leo ni muuguzi, mwingine ni fundi umeme mwenye vijana wake wa kazi. Ungeenda Mererani ukakaa miaka minne bila jiwe, nani angelipa ada ya mwaka 1993? Hilo si swali la kukupamba. Lina jibu, na jibu ni hakuna. Uangalifu ule ulikuwa na kazi, na kazi yenyewe inaonekana kwa macho, ina majina na watoto. Mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyeyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane, aliona kwamba mtu wa makamo hulishwa na kile anachokilea, na mzee hupata amani kwa kuweza kusema haya ndiyo maisha yangu, yalikuwa hivi, nayapokea. Sehemu hii ya maisha yako, Mwalimu, naamini unaweza kuipokea bila kujidanganya hata kidogo.

Lakini si sehemu zote ziko hivyo, na ninaona ni bora nikwambie.

Mwaka 2006 ulipata nafasi ya kusoma shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wadogo zako walikuwa wamemaliza. Bodi ya Mikopo ilikuwa imeanza kazi mwaka mmoja kabla, na walimu wengi wenye stashahada walikuwa wanaomba ruhusa ya masomo na kwenda. Wewe uliandika kwamba uliona umeshazeeka. Ulikuwa na miaka 39. Hapo simwoni mzaliwa wa kwanza anayelinda ada za wadogo zake. Namwona mtu aliyezoea kukataa kiasi kwamba sababu zilipokwisha, yeye aliendelea tu kukataa. Ndivyo tahadhari inavyotugeukia: inaanza ikiwa na jambo la kulinda, jambo linakua na kuondoka, nayo inabaki. Na angalia hesabu ya barua yako. Mererani uliipa aya moja. Historia ya biashara ya misafara, ambayo ungependa kuisoma chuoni na ambayo unawasimulia wanafunzi hata nje ya mtaala, uliipa karibu ukurasa mzima, pamoja na vitabu ulivyonunua mwenyewe. Sidhani kama unachokililia usiku ni tanzanite. Malori ya rafiki yako yanaonekana barabarani, kwa hiyo majuto yameyavaa hayo. Lakini kilichokuuma ni darasa ambalo hukuingia. Tafiti za Marekani zilizokusanywa pamoja mwaka 2005 na Neal Roese na Amy Summerville ziliukuta mtindo huo: jambo lililoongoza katika majuto ya watu lilikuwa elimu, na maelezo yao ni kwamba mlango wa elimu haufungwi kabisa, ndiyo maana unaendelea kumwuma mtu. Kilichofungwa moja kwa moja, moyo hujifunza kukiacha.

Na mlango wako haujafungwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe hasa, wanaosoma wakiwa kazini na majumbani, na kina kituo huko huko Moshi. Nenda na cheti chako cha stashahada, waulize masharti ya kujiunga na ada kwa kila somo, maana unaweza kuchukua masomo machache kwa mwaka kadiri mfuko unavyoruhusu. Kimani Maruge wa Eldoret, Kenya, aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya nchi yake kufuta ada za shule za msingi, na mwaka uliofuata alisafirishwa hadi New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kuhusu elimu. Yeye alianzia kwenye a, e, i, o, u. Wewe una miaka zaidi ya 30 ya kufundisha somo lenyewe. Kama unaogopa kukaa mtihani pamoja na vijana uliowafundisha, nakuelewa, na huo ndio woga ninaoona unafaa kuushinda mwaka huu. Ukishindwa umepoteza ada ya masomo mawili.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye mafao, kwa sababu tofauti ya hatari hizi mbili ni kubwa mno. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky, wanasaikolojia wa Israeli, walionyesha jambo ambalo wacheza kamari wote wanalijua mwilini: mtu anayejiona yuko mbele huwa mwangalifu, mtu anayejiona amepungukiwa hukubali kucheza hata mchezo mbaya ili arudishe kilichopotea. Maisha yako yote ulikuwa mtu wa tahadhari. Usidhani kwamba umegeuka kuwa jasiri ghafla ukiwa na miaka 58. Kilichobadilika ni kwamba umejipima kwa malori ya rafiki yako na kujiona una hasara ya miaka 30, na mtu mwenye hasara ya miaka 30 huona shimo jipya kuwa ni nafuu. Ujasiri wa mwaka 1991 ungekuwa wa kijana ambaye akianguka ana miaka ya kuinuka. Huu wa leo ni wa mtu anayetaka kulipa deni ambalo hakuna anayemdai.

Shimo linakula dizeli, baruti, kompresa, chakula cha wachimbaji, kila siku, liwe na mawe au lisiwe nayo. Mwenye mashimo matano na malori matatu anaweza kungoja. Wewe ukitia pesa yako, ikiisha mwezi wa nane utaambiwa ongeza kidogo, tumekaribia mkanda wa mawe, na utakuwa na hiari gani? Wala simshuku rafiki yako kwa ubaya. Inawezekana anakupenda na anataka kukugawia bahati yake. Lakini bahati haigawiki, na mafao yana kazi nyingine. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya awali, unakupa sehemu kwa mkupuo na sehemu kama pensheni ya kila mwezi. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao hayo, kimelalamikiwa sana, nami nayajua malalamiko hayo kwa undani, lakini ile pensheni ya mwezi ndiyo tunda la uangalifu wako wote. Ni sakafu usiyoweza kuanguka chini yake. Mkupuo ndio utakaobeba mabati yatakayovuja, matibabu ambayo bima haitayagharamia, na msiba wa ghafla. Unakumbuka mwaka 2009, Serikali iliposimamisha upatu wa DECI. Watu walikuwa wameambiwa wapande mbegu na watavuna, na miongoni mwa waliolia walikuwamo wastaafu waliopanda kiinua mgongo chote. Shimo lina kibali na si upatu, nakubali, lakini kwa mtu wa umri wako anayeweka pesa asizoweza kuzitafuta tena, maumivu yanafanana.

Kuhusu usiku. Mwaka 2012 Stefanie Brassen na wenzake wa Hamburg, Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo huwa nawasimulia wateja wangu kwa kuwa ni rahisi kulielewa. Watu walipewa masanduku mfululizo, karibu yote yakiwa na dhahabu na moja likiwa na shetani. Ukifungua la dhahabu unaendelea, ukikutana na shetani unapoteza yote, na unaweza kuacha wakati wowote ukaondoka na ulichokipata. Ukishaacha, unaonyeshwa ungeweza kwenda mbali kiasi gani. Waliocheza walikuwa vijana, wazee wenye afya nzuri ya akili, na wazee wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Vijana waliposhuhudia dhahabu waliyoiacha, raundi iliyofuata walijitosa zaidi. Wazee wenye sonona vivyo hivyo. Wazee wenye afya hawakuyumbishwa. Hata ubongo na mapigo ya moyo yao yalipopimwa, nafasi waliyoikosa haikuwasumbua namna ile. Watafiti wanadhani wazee hao wanajikumbusha kwamba masanduku yale yalikuwa ya bahati, wala si kosa lao. Kumbe kuacha kuumwa na kilichopita si ubutu wa uzee. Ni kazi ya akili iliyo na afya, na inaweza kufanyiwa mazoezi.

Ndiyo sababu lazima nikuulize kuhusu hilo la saa nane. Kuamka usiku wa manane na kushindwa kulala tena, usiku baada ya usiku, ni moja ya dalili za sonona. Kama pamoja nalo umepoteza hamu ya kula, mambo uliyoyapenda hayakufurahishi, mwili ni mzito asubuhi, na hali hiyo imezidi wiki mbili, usingoje majibu yangu mengine. Hospitali ya KCMC iko hapo hapo mjini kwako na ina madaktari wa akili. Kuna dawa, kuna mazungumzo ya tiba, na watu wa umri wako wanapona. Ikija fikra ya kwamba bora usingekuwepo, nenda siku hiyo hiyo, na mke wako ajue.

Kama ni mawazo tu bila dalili hizo, hamisha kazi ile kutoka usiku kwenda mchana. Tafuta daftari, andika uamuzi mmoja kila unapokaa: mwaka, nilikuwa na shilingi ngapi, nani alinitegemea, niliogopa nini, nilichokipata kwa kubaki ni nini, nilichokikosa ni nini. Andika kwa ukweli wa mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtoto asiyemjua. Utakuta baadhi ya maamuzi yanakupa fahari, kama lile la 1991. Mengine yatakuumiza, na yaache yaumize. Gilovich na Kahneman walibishana miaka kadhaa kuhusu uzito wa majuto ya mambo yasiyofanywa, na mwaka 1998 wakaandika pamoja kwamba hayafanani yote: mengine ni huzuni nyepesi ya kutamani, ambayo mtu anaweza kuishi nayo hata ikamwongezea utu, mengine ni yale yanayokatisha tamaa kabisa. Uhamisho wa Mwanza, kwa jinsi ulivyouandika, naona ni wa aina ya kwanza. Ungeliona ziwa, ungepata marafiki wengine. Uache hapo ulipo.

Limebaki moja, na nimeliweka mwisho kwa sababu wewe ulilitaja kwa mistari miwili tu. Mwaka 2010 mke wako alitaka kuchukua mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, aanze kuuza mitumba soko la Memorial. Ukakataa, ukasema mkopo wa kikundi unavunja nyumba. Uamuzi ule haukuwa wa maisha yako peke yako, Mwalimu. Watu waangalifu tuna kawaida ya kutoza tahadhari yetu kwa wenzetu, tukidhani tunawalinda, na wao hukaa kimya kwa heshima mpaka inageuka kuwa tabia ya nyumba. Sasa unashangaa kwamba hataki kusikia habari za shimo. Mimi sishangai. Mtu aliyekatazwa kukopa mtaji wa belo moja la nguo anaambiwa leo kwamba mafao ya nyumba yanakwenda kwa rafiki wa mume, chini ya ardhi.

Kati ya majuto yote uliyoniandikia, hili ndilo pekee lenye mtu wa kuongea naye, na analala chumba kimoja nawe. Usimpelekee hotuba. Mwambie tu kwamba mwaka 2010 ulikosea kumkatalia, na umwulize kama bado anaitaka biashara ile au anataka nyingine, au hataki tena chochote. Akikwambia haitaki, kubali. Akikwambia anaitaka, mwombe akufanyie hesabu yeye, maana anazijua bei za belo na kodi ya kibanda kuliko wewe na mimi: mtaji wa kuanzia, faida ya mwezi mbaya na ya mwezi mzuri. Kisha mkae mkubaliane ni sehemu ipi ndogo ya mkupuo mnayoweza kuipoteza yote bila kugusa matibabu wala paa la nyumba. Hiyo ndiyo iwe ya kujaribia bahati, na mwenye haki ya kwanza ya kuijaribu ni yeye. Rafiki yako mjibu mapema, kabla barua ya kustaafu haijatoka, asije akaanza kuiweka pesa yako kwenye bajeti ya dizeli.